Mugeni Mwenye Aliita Bwana Yangu Bwana

Kwetu Kisangani, bwana ni batu mbili tu. Wa kwanza ni muzungu, na ule uhuru ilimufukuza na masanduku yake, kila mutu aliona. Wa pili ni mume, mwenye unamupikia na unamufulia, na ule uhuru haikumugusa hata unywele moja. Donc, kisha ya uhuru, kama mwanamuke anaita mwanaume bwana, na huyu mwanaume si muzungu, hakuna maneno ingine ya kutafuta: ni mume wake. Na bibi ni vilevile. Bibi ni muke. Mutu akisema "bibi yangu", anasema muke wake wa ndani ya nyumba. Mutoto wa kunyonya anajua hiyo. Kuku inajua.

Mimi ni mutoto wa Barumbu, kule mto inashukia, kwetu batu wanavua samaki na wanasema Lingala. Mama yangu alinizaa ndani ya pirogue, na anasema hakuacha hata kupiga kasia, juu ya sababu soko ilikuwa karibu kufungwa. Masomo, sikuona hata mulango yake. Swahili nilijifunza kwa ndoa, wakati niliolewa na mutoto wa Bangwana, wale Waislamu wa zamani wa Kisangani wenye babu zao walikuya na biashara ya pembe. Bwana yangu alikuwa shofere wa kamyo, njia ya Bukavu na kupita pale. Tulikaa ndani ya lupango moja, ua moja, na mama yake.

Mama mukwe wangu, lazima nimuseme vizuri. Alikuwa mwanamuke mufupi, musafi, na alikuwa mulinzi wa Swahili. Kwa yeye, Swahili ya kweli ilibaki ndani ya nyumba tatu tu kwa dunia yote: ya sultani kule pwani, ya shehe mukubwa, na ya kwake. Ya wengine wote ilikuwa Swahili ya soko. Yangu hakuiita hata Swahili. Nilikuwa nikisema neno, anageukia batu na anauliza: "Huyu samaki anasema nini?"

Lakini ugomvi wake wa kweli na mimi haikuwa Swahili. Nilikuwa muke mupya wa myaka tatu, na tumbo yangu ilikuwa kimya. Kwa dini yao mwanaume anaruhusiwa kuongeza muke. Kwetu Barumbu, muke wa pili tunamwita mbanda, na hiyo neno peke yake inatosha kuvunja sufuria. Mama mukwe alikuwa anatafuta mbanda wangu kila siku, bila kujificha. Alitazama mabinti wa muji muzima kama mutu anachagua mihogo: anavunja kidogo, ananusa, anarudisha. Hakuna hata moja mwenye alimutosha. Huyu hajui kusali. Huyu anacheka na meno yote. Huyu Swahili yake ni ya soko. Mimi nilikuwa nasali kwa Mungu wangu na kwa Mungu wao pamoja aendelee kuchagua mpaka afe.

Bon. Njo pale wanafunzi walikuya.

Walitoka Tanganyika, kwa chuo moja ya kule pwani, mabinti na vijana, na mwalimu wao. Walikuya kukaa kidogo, kuona pori ya Masako na mto, na kuona namna gani inchi ingine inakaa na uhuru yake. Uhuru yetu ile wakati ilikuwa imekwisha kuchoka. Mashariki kulikuwa na rebellion, lakini ilikuwa bado mbali, tulikuwa tunaisikia kama jirani mwenye anagombana na bibi yake: unasema tu, inawahusu. Na juu wale wageni walikuwa Waislamu na walisema Swahili, waliwagawanya kwa manyumba ya Bangwana. Kwetu walileta binti moja.

Binti murefu, na miwani, na kitambala cheupe. Valise yake ilibebwa na wanaume mbili, na moja wao mpaka alizikwa alikuwa anatembea upande. Ndani ilikuwa vitabu. Akasimama mbele ya mama mukwe, akainamisha kichwa, akasema:

"Shikamoo, mama."

Hakuna mutu ndani ya lupango alisikia maana. Hakuna. Na pale njo niliona ukubwa wa mama mukwe wangu, juu hata jicho hakupepesa. Akasema, "Ni Swahili ya babu zetu. Anasema anataka kushika miguu yangu." Akavua kiatu, akanyoosha muguu.

Binti akautazama ule muguu. Akatutazama sisi. Tukamutazama yeye. Kwao walimulea vizuri, akapiga magoti, akaushika.

Kisha ya ile, kila asubuhi ilikuwa vile. Binti anasema shikamoo, mama mukwe anatoa muguu, binti anashika. Nafikiri aliandika kwa karatasi zake kama ni desturi ya Kongo. Majirani walianza kupita asubuhi kuona. Mama mukwe akaanza kupaka miguu mafuta.

Ile siku ya kwanza, mimi pia nilitaka kujijulisha. Bwana yangu alikuwa ametoka kazi, anasimama pale na mafuta ya kamyo mpaka masikio. Nikasema, na Swahili yangu yenye nilitengeneza tangu asubuhi: "Karibu. Mimi ni bibi yake."

Binti akanitazama chini mpaka juu. "Bibi yake?" akasema. "Mashallah! Mbona hujazeeka hata kidogo?"

Nikageukia mama mukwe. Alikuwa na jibu tayari. "Anasema umekaa myaka yote hii ndani ya nyumba na mwili wako ni ule ule. Maana yake, hauzai."

Nikaenda jikoni. Nilitwanga lituma ya ile siku na nguvu mpaka kinu ilipasuka, na makemba, zile ndizi, yenye ilikuwa ndani ilitoka laini, batu walisema haijapata kutokea lituma kama ile.

Nyuma yangu nikasikia bwana yangu anamusogezea binti kiti. Na binti anasema, sauti nyororo, mbele ya mama, mbele ya majirani, mbele ya Mungu:

"Asante, bwana."

Mama mukwe aliacha kutafuna.

Toka ile siku ilikuwa bwana, bwana tu. "Bwana, za safari?" "Bwana, mto huu una mamba?" "Haiwezekani bwana!" Hata akicheka, "Acha bwana!" Mimi mwenyewe, mwenye nilikuwa na haki, nilikuwa namwita bwana mara moja kwa juma, na ile ni kama mvua imeharibu paa. Huyu alimaliza mabwana ya mwaka kwa siku moja. Na mama mukwe, kila bwana yenye iliingia masikio yake, ilimurudisha ujana. Swahili ya babu, anasali, miwani, miguu anashika. Hakukuwa tena mihogo ya kuvunja. Alikuwa amepata.

Nilikuwa natazama, kama mutu wa kando ya mto anatazama mayi inapanda. Haukimbii mara moja. Unatazama tu imefika jiwe gani.

Jiwe ya kwanza ilikuwa jikoni. Nikibeba ndoo, binti ananyanganya. "Bibi, lete, nitabeba mimi." Nikishika mutwangio, "Bibi, pumzika. Kaa hapa kivulini." Alinichagulia samaki yenye haina miiba. Alinipondea ndizi kwa kijiko. Siku ingine nilikohoa kidogo, akaniletea shuka! Mimi niliona wazi: anachukua jikoni pole pole, na ananiweka kivulini kama kitu kizee. Nikamwambia jirani wangu, mwanamuke mwenye alikuwa na mbanda wawili na uzoefu, na yeye akasema, "Eh, huyu ana akili. Wangu walianza na kutukana."

Na mwenyewe binti hakuwa mubaya, hiyo njo ilinisumbua. Mbinzo, wale wadudu wa pori wenye tunakula, siku ya kwanza aliwaona kwa sahani akapanda juu ya kiti. Siku ya pili alikula moja na macho imefungwa. Kisha ya pale alikuwa ananisumbua anataka zingine, alimaliza mbinzo ya soko, batu wa Masako walifikiri kuna njaa muji. Alikuwa anaandika kila kitu. Namna tunafunga kwanga ya mihogo kwa majani, anaandika. Mvua inanyesha, anaandika. Jioni anasomea bwana yangu yenye ameandika, na bwana yangu anaitika kichwa.

Ule sasa, bwana yangu. Zamani alikuwa anarudi nyumbani wakati kamyo imekataa kabisa kwenda mahali pengine. Sasa alirudi jua ikiwa juu. Alishona shati. Akiitwa bwana, alikuwa anajibu "Naaam", murefu, unaweza kwenda sokoni na kurudi na bado haijaisha.

Nikamuuliza. "Ule binti anakuita bwana."

"Ninasikia."

"Na wewe unaitika."

"Mutu akiitwa asiitike?"

"Unajua maana yake?"

"Mimi ni mwalimu?" akasema, na akaanza kutafuta kitu chini ya kitanda, yenye hakuwa ameipoteza.

Tungekaa vile muda murefu, lakini rebellion ikasogea. Mashariki wale wapiganaji walikuwa wanajiita simba, na ile neno ilianza kufika Kisangani mbele ya wenyewe. Wanafunzi walitoka siku moja na kamyo kwenda pori, njia ya Masako, na kwa kizuizi askari wakawauliza wanatafuta nini kule ndani. Kijana moja wa kwao, mwenye moyo mukunjufu, akasema, "Tunatafuta simba!"

Pori yetu haina simba. Ina nyoka, ina mbinzo, ina nyani, simba haina. Askari walijua hiyo kama vile mutu anajua jina yake. Waliwashusha wote, wakawakalisha ndani ya jua na viatu kwa kichwa, mpaka mwalimu akachora munyama kwa muchanga: mukia, manyoya, miguu nne. Mukubwa wa askari alitazama ile picha muda murefu sana. Akasema, "Hiyo ni mbuzi." Lakini akawaachilia.

Jioni mwalimu akapita kila nyumba anasema wanarudi kwao juma hii hii.

Donc mama mukwe hakuwa tena na wakati. Asubuhi aliita tonton wa bwana yangu, ndugu ya marehemu baba yake, mutu wa kusema maneno ya ukoo. Akaita mwalimu kula, na binti, na majirani wa kushuhudia. Kisha akakuya jikoni. "Leo unapika," akasema. "Pika kama ya sikukuu."

Nilijua napikia nini. Nilipika. Samaki hawakuwa na kosa. Nilipika chakula ya kuweza kulisha kambi nzima ya askari wa Kapalata, na bibi zao, na mbwa zao, na ingebaki. Nikaipeleka kwa barza, nikakaa kwa mukeka karibu na mulango, fasi ya mutu mwenye anangojea kusikia kama nyumba ni yake ao ni ya kugawanya.

Tonton akakohoa. Akasema, "Mwalimu, sisi na nyinyi ni damu moja."

"Kweli kabisa, bwana," mwalimu akajibu.

Mwalimu alikuwa na mustashi kama burushi ya viatu. Tonton akarudisha kiti nyuma kidogo, akaendelea. "Alors. Kuku yetu imeona punje ya muhindi ndani ya lupango yenu."

Mwalimu akasimama. "Wanafunzi wangu wamepoteza kuku? Poleni sana, bwana, tutatafuta."

"Hapana, mwalimu, kaa. Hakuna kuku."

"Imekufa?"

"Kuku ni maneno tu!" Tonton jasho ilimutoka. Alikuwa ametengeneza ile kuku usiku muzima. Akaitupa. "Ninasema mutoto wetu, huyu, iko na posa."

Kwetu Kisangani posa ni neno ya Lingala. Ni hamu tu. Unaweza kuwa na posa ya samaki, posa ya kulala, posa ya tumbako. Lakini mwalimu aliruka kama mutu amekalia siafu.

"Posa? Posa ya nani?"

Na tonton, mwenye alifurahi kuona mwishowe anasikiwa, akaonyesha binti na kidole.

"Amekuja kuposa mwanafunzi wangu?"

"Si yeye alianza," mama mukwe akasema. "Binti mwenyewe anamwita bwana toka siku ya kwanza. Batu wote ni mashahidi." Na majirani, mashahidi, wakaitika.

Binti miwani ilimushuka. "Mimi? Kwani yeye si bwana?"

"Mumesikia!" mama mukwe akapiga makofi. "Anakubali!"

"Ngojeni, ngojeni," mwalimu akasema. "Hata mimi namwita bwana. Huyu bwana. Na huyu hapa bwana. Na yule anayechungulia juu ya ua, bwana."

"Astaghfirullah," tonton akasema, akasimama kabisa.

Mwalimu akaeleza. Alieleza pole pole, kama mutu anafundisha batoto: kwao bwana ni heshima tu, ni kama sisi tunasema monsieur. Mume wanamwita mume. Unaweza kumwita bwana mutu mwenye anakuuzia chumvi. Jirani mwenye alikuwa anachungulia juu ya ua alicheka mpaka akaanguka upande wa kwake, tulisikia.

"Bon," tonton akasema, bado amesimama. "Tumesikia. Lakini posa tumekwisha kuisema."

Pale moyo yangu ilirudi chini. Sababu ilikuwa kweli. Neno ilikuwa imetoka, na kwa Bangwana neno ya tonton haimezwi. Mama mukwe akaona njia. "Kweli," akasema. "Bwana ao hapana, binti ni muzuri, mutoto wetu ni muzuri. Tunauliza sasa."

Mwalimu akageukia bwana yangu. "Kwani bwana huyu hana mke?"

Bwana yangu akatazama samaki. "Iko," akasema.

"Yuko wapi?"

Batu wote wakanionyesha. Kwa mara ya kwanza ndani ya myaka tatu nilionyeshwa na vidole vyote vya lupango.

"Huyu?" binti akasema. "Si ni bibi yake!"

"Njo huyo!" tukasema wote. "Bibi yake!"

"Basi si mke!"

"Ni muke! Ni bibi!"

"Bibi ni mama yake mama!" binti akalia. "Bibi ni mzee! Mimi nilidhani babu yake alioa msichana uzeeni akafariki, akamwachia! Kwetu wapo bibi wa namna hiyo, wadogo, wanaheshimiwa vile vile!" Akanigeukia, mikono kwa mudomo. "Ndiyo maana nilikuwa nakutwangia."

Nilikuwa na myaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimepewa shuka, na kivuli, na samaki bila miiba, kama nyanya mwenye amebakiza siku mbili.

Ingekuwa tumecheka, na ingeisha. Wengine walikuwa wameanza. Lakini binti alikuwa mutu wa masomo, na hawa hawawezi kuacha kitu haijakamilika. Akamutazama bwana yangu. "Lakini wewe, bwana, uliniambia umefika Kigoma mara nyingi na kamyo, umekaa kule. Hukujua Kiswahili chetu?"

Hakuna mutu alikuwa ameuliza hiyo. Mama mukwe akageuka pole pole, mwili yote, kama kamyo ndani ya njia nyembamba.

"Ulijua?"

Bwana yangu akavuta shati yake mupya. "Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ile bwana ya kwanza." Akainua mabega. "Ilikuwa tamu ku masikio, mama. Nilisema niache tu, ataenda."

"Na shikamoo? Ulijua pia?"

"Ni salamu tu. Mutu anajibu marahaba."

"Na muguu?"

Akarudi kutazama samaki. Mama mukwe akatazama miguu yake, na mafuta yenye alikuwa amepaka asubuhi. Akatazama majirani, wale wa kila asubuhi. Mimi nilimuogopa ile mwanamuke myaka tatu, lakini ile saa, ukweli, niliona ametoka uchi mbele ya batu wa Swahili. Akasimama, akachukua sahani ya mutoto wake, yenye alikuwa hajamaliza, akaipa mbwa. Kisha akaingia chumba chake, akafunga. Posa ya tonton ilibaki pale kwa mukeka pamoja na mifupa, hakuna mutu mwenye aliiokota ao kuitupa.

Wanafunzi walienda zao. Binti alinikumbatia, akaniita dada. Mama mukwe hakutoka kuaga.

Kisha nyumba ikanyamaza. Mama mukwe hakusema na mutoto wake. Mutoto wake hakusema na mimi. Hakuna mutu alisema, "Ile maneno ya mbanda imekufa." Na maneno yenye haijasemwa imekufa, iko hai. Ningeweza kungojea. Lakini mimi ni mutoto wa mto: mayi ikifika kwa kizingiti, unatoa pirogue. Nikafunga bikwembe, nguo zangu, nikapanda bato, meli ya mto, ya kushuka, nikarudi kwa papa yangu Barumbu.

Kwetu, mwanamuke akirudi kwa baba yake, mume hamwiti kwa kutuma mutu. Anakuya mwenyewe, na mutu mukubwa wa nyumba yake, na yule mukubwa njo anasema. Papa alinipa fasi ya kulala na hakuniuliza kitu. Majuma ilipita. Sikujua kama atakuya. Mama mukwe alikuwa hajapanda bato hata siku moja, alikuwa anasema mto ni njia ya batu wa samaki.

Kisha tukasikia simba wameingia Kisangani.

Bato yenye ilifika nyuma ya ile habari ilikuwa imejaa mpaka mayi ilikuwa inaingia kwa madirisha. Batu, mbuzi, vitanda, mashini ya kushona. Wa mwisho kushuka walikuwa bwana yangu, na ile shati haikuwa tena mupya, na mama mukwe, mukeka chini ya kwapa na birika ya kahawa kwa mukono.

"Tumekuya kumuchukua muke wetu," akasema.

Mimi nilimutazama. Ao ni kunichukua, ao ni kukimbia bunduki, hata leo sijui, na nafikiri na yeye hakujua. Unaweza kukimbia na kuchukua pamoja.

Papa yangu alikuwa anashona wavu. Hakusimama. Papa aliuza samaki kwa Bangwana maisha yake yote, Swahili yake ilikuwa mingi kupita yangu. Lakini akasema kwa Lingala, na akaniambia nigeuze kwa Swahili: "Mwambie mama, mimi Swahili sisikii. Aseme na luga ya hapa. Wanataka muke moja, ao wanataka muke moja na wengine?"

Mama mukwe alisikia kila neno mbele sijageuza. Niliona kwa shingo yake. Batu wa bato walikuwa wamesimama na mizigo, wamesahau rebellion, wanangojea. Bwana yangu alifungua mudomo, na mama yake akamufunga na jicho.

Akaweka birika chini. Akasema kwa Lingala, haraka, kama mutu anameza dawa ya kinini: "Mwasi ya mwana na ngai, kaka oyo." Muke wa mutoto wangu, huyu peke yake.

Papa akavuta uzi wa wavu. "Sikusikia," akasema. "Nimezeeka."

Papa alikuwa anaweza kusikia samaki anageuka chini ya mayi.

Mama mukwe akanitazama, muda kidogo. Kisha akageuka, akaweka mikono kando ya mudomo, akaita ile neno na nguvu yote yenye Mungu alimupa, mpaka ndege walitoka kwa miti ya ngambo.

Kati ya mto kulikuwa wavuvi ndani ya pirogue, batu wenye hatukujuana nao hata kidogo. Wakainua kasia.

"Toyoki!" wakajibu. Tumesikia.